Tazama Sakafu Kabla Hujalaumu Mdomo wa Kuku

Saa kumi jioni, jua likishapunguza makali, ingia bandani, chuchumaa na utazame chini. Kuku waache kwanza, tafuta manyoya. Kila kundi hupukutisha manyoya madogo madogo kila siku, yale mepesi ya kifuani na ubavuni, na katika banda lenye amani utayakuta yamelala juu ya maranda au yamejikusanya kwenye kona. Banda ambalo kuku wake wameanza kulana manyoya huwa safi ajabu, kwa sababu kila unyoya unaodondoka unamezwa kabla haujatulia. Ukiukuta usafi wa namna hiyo, anza kuhangaika hata kama migongo yote bado imefunikwa vizuri. Waliozoea kuokota ya chini hawachelewi kung'oa yaliyo mwilini mwa wenzao.

Wafugaji wengi huita tabia hii kudonoana, na kwa jina hilo huichanganya na ugomvi. Kuku wanaogombania ukubwa hupigana kichwani na kwenye kilemba, kwa hasira, kisha aliyeshindwa anakimbia na mambo yanaisha. Mla manyoya hana hasira na mtu. Humsogelea mwenzake taratibu kwa nyuma, hulenga pale mkia unapoanzia, huvuta, humeza, na mara nyingi yule anayenyonyolewa huendelea kula kana kwamba hakuna lililotokea. Katika miaka ya 1980 mtafiti wa Uholanzi, Harry Blokhuis, alieleza kwamba mdonoo huo ni ule ule ambao kuku angeupeleka ardhini akitafuta chakula. Umekosa ardhi, ukahamia mgongoni mwa jirani. Mwaka 1989 Marian Dawkins wa Oxford alichapisha uchunguzi wake juu ya kuku-mwitu wekundu, ambao ndio mababu wa kuku tunaowafuga: ingawa walikuwa wakiletewa chakula, bado zaidi ya nusu ya muda wao wa mchana waliutumia kudonoa ardhi. Ndiyo maana kuku wa kijijini anayeshinda jalalani na chini ya migomba hamgusi mwenzake ingawa hajawahi kuonja chakula cha dukani, na kuku wa mjini aliyeshiba anamwacha mwenzake mgongo wazi.

Kwa hiyo dawa ya kudonoana huanza kuwekwa siku fundi anapochimba msingi.

Ukubwa na mwelekeo

Tuchukue kuku 40 wa mayai au chotara, idadi ambayo familia inaweza kuihudumia asubuhi na jioni bila kuajiri mtu. Wajengee chumba cha mita 3 kwa 4. Hiyo ni mita za mraba 12, yaani kuku watatu na kitu kwa kila mita moja. Wauza vifaranga watakwambia eneo hilo linabeba 60 au hata 70, na kwa hesabu ya kwenye karatasi hawakudanganyi, ila hesabu hiyo inataka feni, chakula kisichoyumba na mtu wa kukaa na kuku kutwa. Wewe una kazi nyingine. Msongamano ndio mlango mkuu wa kudonoana: kuku aliyedonolewa hana pa kukimbilia, na anayedonoa hahitaji kutembea.

Urefu wa banda ulale kutoka mashariki hadi magharibi, ili kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Huku kwetu jua hupita karibu utosini mwaka mzima, hivyo banda lililolala hivyo hupigwa na jua la asubuhi na la jioni kwenye kuta fupi tu. Ukilikosea mwelekeo, kuanzia saa nane mchana mwanga mkali unaingia ubavuni hadi katikati ya sakafu, kuku wote wanarundikana kwenye kipande kimoja chenye kivuli, na hapo chumba chako cha mita za mraba 12 kimekuwa cha mita za mraba 5. Kwa walio pwani kuna faida ya pili: kusi huvuma kutoka kusini-mashariki na kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, na pepo zote mbili hukata kuta ndefu kwa mshazari, hivyo banda hupumua misimu yote.

Hapa ndipo utakapogombana na fundi. Fundi wa nyumba amezoea kujenga chumba cha mtu, na usipomsimamia atapandisha tofali hadi kwenye kenchi na kukuachia dirisha dogo. Mwambie Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na popote penye joto, kozi mbili za tofali la saruji zinatosha, kama nusu mita hivi; kutoka hapo hadi juu ni wavu. Njombe, Mbeya, Lushoto au Limuru, panda kozi nne, kisha weka mapazia ya turubai au ya viroba vilivyoshonwa. Pazia lifungwe chini na livutwe kwenda juu kwa kamba, ili hata usiku wa baridi pabaki nafasi karibu na paa ya kutolea hewa chafu bila upepo kuwapiga kuku. Pazia linaloshushwa kutoka juu, kama la sebuleni, hufanya kinyume kabisa: linaziba juu na kuruhusu baridi chini.

Paa liwe na urefu wa mita 2 na zaidi upande wa chini, na bati lizidi ukuta kwa sentimita 60 hadi 100. Mzidisho huo huzuia mvua ya masika isiloweshe maranda na hukata makali ya mwanga. Makuti yana ubaridi mzuri, hilo halina ubishi, ila yanafuga panya, na panya wanaita nyoka. Nikiambiwa nichague, nachukua bati, nalipaka chokaa nyeupe kwa juu na napanda mti wa kivuli upande wa magharibi.

Wavu wa kuku wenye matundu makubwa unamzuia kuku asitoke. Kicheche, nguchiro na panya hauwazuii. Angalau mita moja ya chini, weka wavu wa chuma wa nusu inchi, uufukie ardhini sentimita 30 au uulaze nje kwa upana huo huo na kuufunika kwa mawe. Mlango uwe na komeo la kuzungusha. Usiku mmoja wa kicheche unaweza kukumalizia kundi zima, na waliosalia hubaki na vidonda na woga, mambo mawili yanayowasha moto wa kudonoana haraka sana.

Sakafu

Katika banda lote, hapa ndipo pa kumwaga fedha. Saruji yenye unene wa sentimita 8 hadi 10, iteremke kidogo kuelekea mlangoni ili siku ya kuosha maji yatoke yenyewe. Asiye na uwezo wa saruji ashindilie udongo wa kichuguu. Unashikamana vizuri, ingawa panya wataujaribu. Juu yake mwaga maranda makavu ya mbao au makapi ya mpunga hadi kimo cha sentimita 8. Kwa chumba chetu hiyo ni takribani gunia kumi. Vumbi laini la msumeno liache, maana linawaingia kwenye macho na pumzi, na vifaranga hulila.

Maranda hayo ndiyo shamba la kuku. Yakiwa makavu na mepesi, atayaparua kutwa nzima akitafuta punje na wadudu. Yakishikana bamba, kucha zake zinateleza juu, anaacha kuparua, na anatafuta kitu kingine cha kudonoa. Chota konzi moja kutoka katikati ya banda, ukamue, kisha ufungue kiganja. Yakisambaratika, yako sawa. Yakibaki donge, toa yaliyolowa na uongeze makavu siku hiyo hiyo. Halafu chuchumaa tena, pua yako iwe kimo cha kuku, uvute pumzi. Harufu ikikuchoma macho wewe uliyeingia dakika mbili zilizopita, wao wanalala nayo.

Maji ndiyo adui mkubwa wa maranda. Kuku wa mayai hunywa robo lita kwa siku, na joto likipanda wanaweza kufikia nusu lita, hivyo kundi lako linataka lita 10 hadi 20. Weka vinyweshea viwili vya lita 10, kila kimoja juu ya tofali ili ukingo wake ulingane na mgongo wa kuku aliyesimama, na uviweke mbalimbali. Kikiwa kimoja, mtemi wa kundi atakaa hapo na kuwafukuza wanyonge, ambao ndio hao hao watakaonyonyolewa manyoya wakisubiri zamu.

Saa tisa alasiri rusha nusu kilo ya mahindi yaliyoparazwa au mtama juu ya maranda, usambaze banda zima. Usizidishe kiasi hicho, maana mahindi yana protini kidogo na yatawashibisha kabla hawajala chakula chenyewe. Lengo ni kuwapa kazi katika saa ambazo kudonoana hupamba moto, na kwa bahati nzuri wao wenyewe watakugeuzia maranda. Kama nina shilingi za kufanya jambo moja tu katika kundi lenye matatizo, nafanya hili kabla ya lolote.

Hapa lazima niseme neno kuhusu mabanda ya kunyanyua, yale ya mirunda yenye sakafu ya fito au wavu, ambayo yanapendwa sana mijini kwa sababu kinyesi kinadondoka chini na kazi ya usafi inapungua. Kwa kulala ni mazuri. Kwa kushinda ndani kutwa nzima ni kiwanda cha kudonoana, kwa kuwa kuku anasimama kwenye fito na hana hata punje ya mchanga wa kuparua. Ukilijenga, lazima liwe na uwanja chini au pembeni wenye maranda, majani makavu au mchanga, na kuku washuke kila siku.

Uwanja nao una masharti yake. Kiwanja cheupe kisicho na kivuli hakitumiki. Kuku wanaogopa mwewe na watang'ang'ania mlangoni. Panda migomba au mipapai, au tandaza matawi na kipande cha wavu wa kivuli, uone watakavyosogea mbali na banda. Kwenye kona moja laza tairi bovu la gari na ulijaze mchanga laini uliochanganywa na majivu. Wataoga humo kila mchana, na utitiri na chawa watapungua.

Vichanja, viota na mwanga

Kila kuku anahitaji sentimita 20 za kichanja, hivyo kuku 40 wanataka mita 8: miti miwili ya mita 4, na banda letu lina urefu huo huo. Upana wa mti uwe kama sentimita 5, kingo zikiwa zimelainishwa kwa randa. Kimo chake wengi wanakipuuza. Kichanja kilicho kimo cha goti humweka kuku aliyekaa juu sawasawa na midomo ya waliosimama chini, mkia wake ukining'inia mbele yao. Pandisha hadi sentimita 70 na zaidi, umwekee ngazi ya fito mbili, na yule mnyonge atakuwa na mahali pa kupumzikia mchana bila kuguswa.

Viota: kimoja kwa kuku wanne au watano, yaani nane hadi kumi, kila kimoja sentimita 30 kwa 30 na kimo cha 35. Viweke upande wenye giza kuliko wote na uning'inize kipande cha gunia mbele ya kila mlango. Kuku akitaga, utupu wake hujitokeza nje kwa muda mfupi, mwekundu na wenye unyevu, kisha hurudi ndani. Katika kiota chenye mwanga, wenzake wanaopita huuona wekundu huo na kuudonoa. Kudonoana huku hakufanani na kule kwa manyoya. Huku kunaua: damu ikishatoka kundi zima hujiunga, na jioni unakuta kuku ametolewa matumbo. Wanaoathirika zaidi ni mitetea inayoanza kutaga na ile iliyonenepa, kwa sababu yai hupita kwa shida na utupu huchelewa kurudi.

Suala la taa linatokana na hilo hilo. Mchana wetu wa saa 12 unatosha kwa kuku wa kienyeji, lakini wa mayai wengi huongezewa hadi saa 16 ili watage zaidi. Fanya hivyo taratibu, nusu saa kila wiki, na usianze kabla mitetea haijafika umri wa kutaga. Anayeharakishwa hutaga mwili haujakomaa, na huyo ndiye mgonjwa wa kesho. Balbu moja ya LED ya wati 5 yenye mwanga wa njano inatosha chumba chetu. Zile nyeupe kali za dukani waachie wauza chipsi.

Kwa vifaranga, taa inayowaka mfululizo usiku kucha kwa wiki nyingi ni chanzo kingine. Tafuta namna ya kuwapa joto bila mwanga, kwa mfano jiko la mkaa lililozungushiwa kinga na kuachiwa pa kutolea moshi, na uwape maranda ya kuparua mapema. Kuku anayekulia kwenye magazeti na maboksi matupu anaanza kujifunza tabia mbaya akiwa na umri wa wiki chache tu, na tabia hiyo anahamia nayo bandani.

Chakula

Mwili wa kuku unajenga manyoya kwa protini, hasa kwa viini vyenye salfa ambavyo kimojawapo ni methionini. Kikipungua katika chakula, anajitafutia. Wa mayai anataka chakula chenye protini ya asilimia 16 hadi 18, gramu 110 hadi 120 kwa siku, kwa hiyo kundi lako linamaliza kilo nne na nusu hivi. Ukichanganya mwenyewe, usitegemee soya peke yake, maana methionini yake ni kidogo. Dagaa na mashudu ya alizeti ndivyo vinavyoziba pengo.

Dagaa wa kusagwa ndipo wengi wanapopunjwa. Kabla hujalipa gunia, omba konzi moja, itie kwenye glasi ya maji, koroga na usubiri. Unga wa samaki unabaki umeelea au unashuka polepole. Mchanga unatua chini mara moja, na utauona kwa macho tabaka lake lilivyo nene. Muuzaji asiyekubali jaribio hilo ameshakujibu.

Chumvi nayo ikikosekana huleta kudonoana. Gramu 300 kwa kila kilo 100 za mchanganyiko zinatosha, na kama dagaa wako walikaushwa kwa chumvi, punguza. Pima kwa mizani. Kuku huuawa na chumvi nyingi kwa urahisi, hivyo usikubali ushauri wa kuitia kwenye maji kwa kukadiria na kijiko.

Chakula cha unga kina faida moja dhidi ya kile cha vidonge: kuku hukimaliza polepole, mdomo ukiwa kazini. Vihori viwili vya mita moja, vinavyoliwa pande zote mbili, vinawapa sentimita 10 kila mmoja, wote wale kwa pamoja. Kihori kisikae kitupu mchana. Kisha ning'iniza majani: kabichi nzima iliyotobolewa na kupitishwa kamba, fungu la mchicha, sukuma wiki iliyozeeka. Yawe kimo cha kichwa, ili kila wanapoyadonoa yapepesuke na wabaki na kazi ya kuyafuata. Mahali pengine weka kipande cha tofali la saruji. Watalidonoa na ncha za midomo zitapungua ukali zenyewe.

Ikiwa tayari migongo iko wazi

Kwanza hakikisha ni kudonoana kweli, na hili utalisoma kwenye mwili wa kuku. Manyoya yakitoka kuanzia kichwani, yakafuata shingo, kifua na mwisho mkia, na kuku ameacha kutaga, anabadilisha manyoya tu; hapo hakuna ugonjwa. Upara mgongoni na kisogoni kwa mitetea michache wakati wengine wako sawa ni kazi ya jogoo na vipenzi vyake. Punguza majogoo hadi mmoja kwa mitetea kumi au umkate ncha za kucha. Kifua kitupu kwa kuku anayeng'ang'ania kiota ni dalili ya kuatamia. Shingo iliyokwanguka kwa mbele husababishwa na kihori chenye ukingo mkali. Ila upara ukianzia kwenye mzizi wa mkia na kupanda mgongoni, na mashina mengine yakiwa yamekatika katikati, una mla manyoya.

Usiku pitia vichanja na tochi. Pangusa upande wa chini wa mti na maungio yake kwa kitambaa cheupe. Kikipata madoa mekundu, umepata utitiri, ambao hunyonya damu usiku na mchana hujificha kwenye nyufa. Kuku anayewashwa hujidonoa hadi kujitia kidonda, na wenzake humsaidia. Toa maranda yote, osha kwa maji moto, na umwone ofisa mifugo kwa dawa ya kunyunyizia kwenye nyufa na ya kuwapaka kuku. Rudia baada ya wiki moja, maana mayai ya utitiri yatakuwa yameanguliwa.

Mwenye kidonda mtoe siku hiyo hiyo. Msafishe kwa maji ya chumvi ya vuguvugu na umpake GV, ile dawa ya rangi ya zambarau. Zambarau ile inaua vijidudu na papo hapo inafunika wekundu unaowaita wengine. Asirudi hadi ngozi ikauke kabisa. Wale wenye upara bila kidonda wanaweza kubaki ikiwa kundi limetulia, lakini waangalie manyoya mapya yanapochomoza. Yanaanza kama vijiti vya buluu vilivyojaa damu, na kimoja kikitobolewa hutoka damu nyingi kuliko unavyotarajia. Unyoya uliong'oka wote hurudi katika muda wa mwezi mmoja na nusu hadi miwili. Uliokatika katikati hauoti. Shina lake linakaa pale hadi msimu wa kubadilisha manyoya, hivyo usimtupie lawama mtu kwa mgongo ambao bado haujajaa.

Sasa mtafute mla manyoya mwenyewe. Kaa kwenye ndoo iliyopinduliwa alasiri moja, ukiwa kimya, bila simu. Mara nyingi wahusika ni wachache, na utawatambua kwa uzuri wao: wana manyoya kamili kuanzia shingoni hadi mkiani, kwa kuwa hakuna anayewagusa. Waweke kwenye tenga ndani ya banda hilo hilo, wakiwaona wenzao, kwa siku kadhaa, kisha warudishe jioni. Atakayerudia baada ya hapo ni wa sufuria, na usimwonee huruma kwa sababu anataga vizuri. Kuku wengine hujifunza kwake kwa kutazama.

Watu watakushauri ukate midomo. Kwenye mashamba makubwa hufanywa kwa kisu cha moto vifaranga wakiwa wadogo, na Norway, Sweden na Finland wamelipiga marufuku jambo hilo huku wakiendelea kufuga kuku wa mayai kwa maelfu. Mdomo una mishipa ya fahamu hadi karibu na ncha, na kuku aliyekatwa bado hudonoa, ila kwa nguvu ndogo; sababu inabaki pale pale, na siku ikizidi utaiona kwa sura nyingine. Kwa kundi la 40 sioni haja. Ukinunua mitetea iliyokwisha kukatwa, wafuge hivyo hivyo, lakini mkubwa usimkate kwa wembe wala mkasi kwa hali yoyote.

Kuingiza wageni

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na bandani kamba hiyo ni midomo ya wenyeji. Usiingize mmoja peke yake. Leta watatu au zaidi, wenye ukubwa unaolingana na waliopo, na wakae kwanza mahali pa mbali kwa wiki mbili ili magonjwa yajitokeze na uwachanje kideri kama hawajachanjwa. Kuku wa aina ya kuchi usimchanganye na wa mayai wapole. Ugomvi uko kwenye damu yake na urefu wake unampa faida. Baada ya hapo wazungushie wavu ndani ya banda, waonane na wenyeji bila kugusana, siku nne au tano. Ongeza kihori cha tatu na kinyweshea cha tatu upande ule wageni waliozoea kukaa. Siku ya kuwaachia, subiri saa mbili usiku, taa zikiwa zimezimwa, uwapandishe kwenye kichanja katikati ya wenyeji, na kesho yake uwahi kufika kabla hakujapambazuka ukiwa na kabichi mkononi.